Nani Anamdai Nani Pale Mto Unapofurika

Mwalimu wa Kiswahili wa sekondari moja wilayani Kilosa, ambaye pia ni mlezi wa klabu ya maigizo, ameuliza: "Kila Siku ya Mazingira wanafunzi wangu huigiza mchezo uleule. Yupo mchoma mkaa mkaidi, yupo mzee mwenye hekima, ukame unakuja, halafu wote wanaimba tupande miti. Wanaigiza huku wanacheka. Lakini usiku mvua kubwa ikianza, bwenini halali mtu. Waandishi na watunzi wa tamthilia wa siku hizi wanaishughulikiaje hofu kama hii? Na nikiileta jukwaani, si nitawaongezea?"

Mwalimu, kicheko cha wanafunzi wako kichukue kama uhakiki, tena uhakiki makini. Mchoma mkaa wanamjua. Ni mjomba wa mmoja wao, na ada ya mwingine imetoka kwenye magunia yake. Wamesimuliwa pia jinsi Mto Mkondoa ulivyofurika mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, ukasomba nyumba na kuharibu reli ya kati, na hakuna mzazi aliyewaambia kwamba yale yote yaliletwa na mtu mmoja mwenye shoka. Mchezo unawaambia jambo ambalo akili yao inalikataa, basi wanacheka.

Jibu langu kwa swali lako la kwanza ni hili. Katika kazi ninazoziona zimefanikiwa zaidi tangu karne hii ianze, maafa ya mazingira huingia kama mdai. Mtu fulani alikula, mwingine anatakiwa kulipa, na wote wawili wamo chumba kimoja. Ukame, mafuriko au sumu ndiyo inayowafungia mlango wasiweze kukwepana. Hofu ya mhusika basi haibaki hewani. Inamhusu mtu anayetazamana naye.

Mfano ninaopenda kuanza nao ni The Children, tamthilia ya Mwingereza Lucy Kirkwood iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Royal Court, London, mwaka 2016. Wahusika ni watatu tu, na wote wako jikoni. Hazel na mumewe Robin ni wastaafu, wanafizikia waliofanya kazi katika kinu cha nyuklia pwani. Tetemeko na wimbi kubwa la bahari vimekiharibu kinu, mionzi imesambaa, nao wamehamia kijumba kilicho nje kidogo ya eneo lililopigwa marufuku. Anaingia Rose, mfanyakazi mwenzao wa zamani ambaye hawajamwona kwa miaka mingi. Wanakula, wanakumbushana mambo ya ujana, na wivu wa kale unachungulia, maana Rose na Robin waliwahi kuwa na uhusiano. Kwa muda mrefu hadhira inadhani inatazama mchezo wa mapenzi ya watu wazima. Kisha Rose anasema kilichomleta. Wanaohangaika kule kinuni sasa ni vijana, wengine wana watoto wadogo, na kazi ile itawaua. Yeye anakusanya wastaafu, waliokijenga na kukiendesha kinu, waende wakachukue nafasi zao. Kirkwood aliitunga baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima, Japani, ya mwaka 2011, ambako Wajapani wastaafu, wahandisi miongoni mwao, walijitokeza kweli kujitolea wafanye kazi ile badala ya vijana.

Angalia jinsi mtunzi alivyoupanga mchezo. Ombi la Rose amelichelewesha mpaka tumewapenda wote watatu. Hazel anakataa, naye ana hoja: amelea watoto wanne, ana wajukuu, ametunza afya yake kwa bidii, anataka kuishi. Rose, asiye na mtoto, ndiye anayewatetea watoto wa watu. Robin kila siku huenda shambani kwao, ndani ya eneo la hatari, akimwambia mkewe kwamba anakwenda kuwaangalia ng'ombe. Ukweli ni kwamba ng'ombe walishakufa na yeye anakwenda kuwazika, lakini hana moyo wa kumwambia. Hakuna anayehubiri. Hakuna anayetaja idadi ya miti wala nyuzi za joto. Hata hivyo mtazamaji wa makamo anatoka ukumbini akijiuliza ni nini alichowaachia wanawe, na hakuna aliyemuuliza kwa mdomo.

Ipo tamthilia nyingine inayotajwa sana, Lungs ya Duncan Macmillan, ya mwaka 2011. Wapenzi wawili vijana wanabishana kama wazae. Mwanamke anapiga hesabu kwamba mtoto mmoja ataiongezea dunia tani 10,000 za hewa ya ukaa, sawa na uzito wa mnara wa Eiffel, na hesabu hiyo inamnyima usingizi. Mwongozaji Katie Mitchell alipoiweka jukwaani Berlin mwaka 2013, aliwapandisha waigizaji kwenye baiskeli zilizofungwa mahali pamoja, wakawa wanasema maneno yao huku wakikanyaga pedali kuzalisha umeme wa taa za onyesho. Ni kazi nzuri na ninaiheshimu, lakini kwa darasa lako siipendekezi bila maelezo. Hatia ile ni ya wenye magari, ndege na majumba ya kupashwa joto. Mtoto wa mkulima wa Kilosa, ambaye nyumbani kwao huenda hawana hata pikipiki, ukimfundisha kujiona mkosaji kwa sababu amezaliwa, umemtwika deni lisilo lake. Michezo yetu ya tupande miti hufanya kosa hilohilo kwa njia nyingine: inamdai maskini peke yake.

Katika Kiswahili, mwandishi aliyenionyesha jambo hili kwa ukamilifu ni Assumpta Matei, katika Chozi la Heri, riwaya iliyotahiniwa kwa miaka kadhaa katika sekondari za Kenya. Wengi huisoma kama riwaya ya vurugu za baada ya uchaguzi, na ndivyo ilivyo. Lakini mtazame Lunga. Akiwa mwanafunzi alikuwa kiongozi wa chama cha watunza mazingira, akihutubia wenzake juu ya uharibifu wa misitu kwa ufasaha wa kuvutia. Anakuwa mtu mzima, anasimamia ghala la nafaka, anakataa mahindi mabovu yasiuziwe wananchi, na ukweli huo unamponza anapoteza kazi. Anaelekea Msitu wa Mamba pamoja na wengine waliokosa pa kushika. Huko mwanamazingira huyu anakata miti na kupanda mahindi. Baadaye inakuja amri ya serikali kwamba waondoke, msitu ni chemchemi ya maji, nao wanaondolewa. Mkewe anamwacha, watoto wanatawanyika.

Hapo ndipo nataka uwapeleke wanafunzi wako. Lunga anajua kila kitu ambacho mzee wenu mwenye hekima anakijua, na bado shoka limo mkononi mwake. Kumwambia kwamba miti ni uhai ni kazi bure, kwa kuwa hotuba ile aliitunga yeye. Swali linakuwa: ni nani aliyemfikisha pale? Waliotaka mahindi yenye sumu yapite wanamdai nini, na yeye anawadai nini? Naye je, watu wa chini ya mlima wanaosubiri maji ya chemchemi ile wanamdai? Madeni matatu yamekutana kwa mtu mmoja. Mpe mchoma mkaa wenu historia ya namna hii na wanafunzi hawatacheka, maana sasa anafanana na mjomba.

Pauline Kea naye katika tamthilia yake Kigogo analiweka jambo hili sokoni. Uchafu uliorundikwa katika soko la Chapakazi na miti inayokatwa kwa ridhaa ya mtawala Majoka havikutengewa onyesho la mazingira. Ni sehemu ya utawala uleule unaofunga soko na kuwatisha wanaharakati. Sitakaa sana hapo kwa kuwa tamthilia yenyewe inapatikana kwa urahisi. Isome na wanafunzi na uwaombe wafuatilie taka peke yake, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kana kwamba taka ni mhusika.

Unaweza kusema madeni makubwa zaidi, yale ya nchi tajiri, yako mbali mno na Kilosa kuingia kwenye mchezo wa shule. Joe Murphy na Joe Robertson wamejaribu kuyaleta karibu. Tamthilia yao Kyoto, iliyoonyeshwa na kampuni ya maigizo ya Uingereza, Royal Shakespeare Company, mwaka 2024, inasimulia mikutano ya miaka ya 1990 iliyozaa Itifaki ya Kyoto ya Desemba 1997, mkataba wa kupunguza hewa zinazoipasha dunia joto. Anayetusimulia ni Don Pearlman, mwanasheria Mmarekani aliyekuwepo kweli, aliyefanya kazi kwa niaba ya wenye mafuta ili makubaliano yasifikiwe. Wamempa jukwaa adui, wakamfanya mcheshi na mwerevu, nasi tunajikuta tunamfuata. Watu wanagombania alama za mabano na neno moja katika aya kana kwamba wanagombania mpaka wa shamba. Miongoni mwa wahusika yumo mwakilishi wa Tanzania, na si pambo: mwaka 1997 Tanzania ndiyo iliyokuwa ikiongoza kundi la G77 na China, yaani nchi zinazoendelea. Wanafunzi wako wanastahili kujua kwamba deni hili lilishadaiwa mezani, na mmoja wa waliokuwa wakidai alitoka kwao.

Riwaya ina uwezo mwingine ambao jukwaa la shule linaweza kuuazima. Imbolo Mbue, mzaliwa wa Limbe, Kameruni, alichapisha How Beautiful We Were mwaka 2021. Kijiji chake cha kubuni, Kosawa, kimetiwa sumu na kampuni ya mafuta ya Kimarekani, na watoto wanakufa kwa maji na hewa. Wawakilishi wa kampuni wanakuja kwa magari, wanatoa ahadi, wanaondoka. Siku moja mwendawazimu wa kijiji anasimama na kuonyesha kwamba funguo za gari lao anazo yeye, na hazitoi. Kila mtu pale alikuwa na akili timamu kuliko yeye, na hakuna aliyethubutu. Lakini kilichonishika zaidi ni sauti. Sura nyingi zinasimuliwa na watoto wa rika moja kwa "sisi": sisi tulikohoa, sisi tulimzika mwenzetu, sisi tulikua. Hofu inapata wenyewe wengi, hivyo haimlemei mmoja. Kwa klabu yako hilo ni jambo la kufanyika kesho: kundi la wanafunzi wanaosimulia mvua ya usiku kwa kauli moja, kisha mmoja anajitenga, anasema lake, anarudi kundini. Huhitaji taa wala mandhari ya gharama.

Siwezi kumtaja Mbue bila kumkumbuka Ken Saro-Wiwa wa Nigeria. Alikuwa mtunzi wa vichekesho vya televisheni aliyependwa nchi nzima, kisha akawa sauti ya Waogoni dhidi ya uchafuzi wa mafuta katika delta ya Niger. Utawala wa kijeshi ulimnyonga yeye na wenzake wanane tarehe 10 Novemba 1995. Anayedhani kuandika juu ya mto uliochafuliwa ni mada laini ya watoto wa shule amfikirie huyo.

Sasa hofu yenyewe, ile ya bwenini. Mtunzi wa tamthilia Mwingereza Caryl Churchill amenifundisha zaidi kuliko mwingine yeyote jinsi inavyoweza kuwekwa jukwaani. Katika Escaped Alone, ya mwaka 2016, wanawake wanne wenye umri wa miaka sabini na zaidi wameketi bustanini wanakunywa chai. Wanaongea juu ya wajukuu, maduka yaliyofungwa, paka. Mara kwa mara mmoja wao, Bi Jarrett, anatoka kwenye mwanga wa bustani, anasimama gizani na kueleza maangamizi ya dunia kwa sauti tulivu ya mtu anayesoma taarifa ya habari: mafuriko, njaa, moto, mambo ya kutisha yaliyochanganywa na ya kuchekesha. Halafu anarudi kwenye kiti chake na mazungumzo yanaendelea pale yalipoishia. Jina la tamthilia linatokana na kitabu cha Ayubu, kwenye kauli ya mjumbe aliyenusurika peke yake ili alete habari. Churchill haunganishi pande hizo mbili. Anatuachia sisi, na hapo ndipo baridi inapoingia mifupani, kwa sababu ndivyo tunavyoishi: tunapika, tunacheka, tunasahihisha madaftari, na lile jambo lipo muda wote pembeni.

Tayari wanafunzi wako wana mchezo wa aina hii. Mchana utani, usiku masikio juu ya bati. Wasilazimishwe kutafuta kisa kikubwa. Waigize bweni: soga za mpira, nywele, mtihani wa majaribio, tone la kwanza, kimya, halafu mmoja anasogea mbele na kusema anachowaza, halafu soga inarudi kwa nguvu ya kupindukia, maana kila mmoja anamficha mwenzake. Kicheko kitakachotoka hapo kitakuwa na kazi.

Je, utawaongezea hofu? Kwanza, haikuanzia jukwaani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Lancet Planetary Health uliwauliza vijana 10,000 wa miaka 16 hadi 25 katika nchi 10, Nigeria ikiwa ndiyo nchi pekee ya Afrika, na asilimia 59 walisema wana wasiwasi mkubwa au mkubwa sana juu ya mabadiliko ya tabianchi. Wanafunzi wako wanayo sababu iliyo karibu kuliko takwimu, wanaisikia ikinguruma.

Pili, kuificha kuna gharama yake. Wanuri Kahiu wa Kenya alilionyesha hilo katika filamu fupi Pumzi ya mwaka 2009. Miaka 35 baada ya vita vya maji, watu wa Afrika Mashariki wanaishi wamefungiwa ndani, kila tone la jasho na mkojo linasafishwa linyweke tena. Asha, mtunza makumbusho, akiota mti, mtambo unamwamuru ameze dawa ya kuzuia ndoto. Utawala ule haumkatazi kuogopa tu. Unamkataza pia kutamani, kwa kidonge hichohicho. Asha anatoroka na mche, anaumwagilia maji yake ya mwisho, anaukinga jua kwa mwili wake. Utaona kwamba hata hapa mti umepandwa. Tofauti na wimbo wenu ni kwamba tumeona mti ule umemgharimu nini, na ni nani aliyemzuia.

Naomba hapa uwe mwangalifu, Mwalimu, kwa kuwa jambo hili linaumiza kweli. Mwanafunzi ambaye familia yake ilipoteza mtu mafurikoni asipangiwe kumwigiza aliyezama, na asipangiwe kumwigiza anayelia. Mwulize faraghani kama anataka kuwemo, na "hapana" yake iheshimiwe bila maelezo. Mshairi Mnigeria Niyi Osundare alinaswa na mkewe darini New Orleans, kimbunga Katrina kilipoijaza nyumba yao maji mwaka 2005, akapoteza vitabu na miswada yake. Diwani yake juu ya tukio lile, City Without People, ilitoka mwaka 2011. Mtu mzima, bingwa wa lugha, alihitaji miaka. Usimtegemee mtoto akupe kilio chake ndani ya wiki tatu za mazoezi kwa sababu mgeni rasmi anakuja.

Tatu, hofu inapungua makali pale mtazamaji anapopewa la kufanya. Augusto Boal wa Brazili alitengeneza njia ambayo igizo linafika mahali pabaya, linasimamishwa, na mtu yeyote katika hadhira anaruhusiwa kupanda jukwaani, achukue nafasi ya mhusika na kujaribu uamuzi mwingine. Nchini kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wasomi wa sanaa za maonyesho Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza, kwa utaratibu ulio na undugu na huo: wanakijiji wenyewe wanachunguza tatizo, wanalichambua, wanalitungia igizo, wanalionyesha, kisha mjadala unafuata hapohapo. Masikitiko yangu ni kwamba sehemu kubwa ya sanaa ya aina hii baadaye iliingia mikononi mwa miradi yenye ujumbe uliokwishaandikwa ofisini. Igizo linafika kijijini likiwa na jibu, na wanakijiji wanaombwa walipigie makofi. Wimbo wa tupande miti umetoka humo.

Wala usidhani nakutaka uachane na ngonjera kama mkuu wa shule anaipenda. Mshairi Mathias Mnyampala alipoieneza ngonjera, aliijenga juu ya ubishi wa pande mbili. Tatizo lake shuleni ni kuufanya upande mmoja uwe wa mjinga anayesalimu amri ubeti wa mwisho. Mpe mchoma mkaa beti zenye hoja nzito kuliko za mzee, uone wanafunzi watakavyohangaika kumjibu. Na wakishindwa, waache washindwe mbele ya wazazi, kisha wazazi wajibu.

Kabla ya kuandika hata mstari mmoja, watume kwa wazee wa mjini Kilosa na wa vijiji vya kando ya mto, kwa Kikaguru au Kisagara kama mzee anapenda, na si Kiswahili pekee. Waulize mafuriko ya zamani yalipewa majina gani, maji yalifika wapi, na ni viwanja vipi ambavyo babu zao walikataa kujenga. Kama kuna tuta la kuzuia maji, waulize lilijengwa na nani, lilikuwa likikarabatiwa na nani, na lini mara ya mwisho. Waulize ni nani aliyegawa viwanja bondeni, nani alilipwa, na waliohamishwa waliahidiwa nini. Kila jibu waliandike pamoja na jina la cheo kinachohusika, wasiandike jina la mtu. Wakirudi na daftari hilo, wakae chini wachore kwa chaki sakafuni nani anamdai nani, kisha wachague mstari mmoja tu katika ile michoro na kuutungia igizo la dakika ishirini.